Mageuko elekezi ya protini viashiria vya picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mtu anayejua kufanya PCR na kuotesha bakteria, ila hajawahi kuendesha duru kamili ya mageuko elekezi. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Misingi

1. Protini kiashiria ni nini, na mageuko elekezi yanaingia wapi?

Ni protini ambayo jeni yake ikiingizwa ndani ya seli, seli yenyewe huanza kutoa ishara inayoweza kupigwa picha: mwanga wa rangi fulani, mwangwi wa altrasaundi, au tofauti inayoonekana kwenye MRI. Inayojulikana kuliko zote ni GFP, protini ya kijani ya yavuyavu Aequorea victoria, yenye asidi amino 238. Osamu Shimomura na wenzake waliitenga mwaka 1962, jeni yake ikapatikana mwaka 1992, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba inang'aa ndani ya bakteria na minyoo bila kuhitaji kimeng'enya chochote cha yavuyavu.

Protini ya porini, hata hivyo, haikuumbwa kwa ajili ya hadubini. GFP ya asili hupokea zaidi mwanga wa nanomita 395, ulio karibu na urujuanimno na wenye kudhuru seli, na kwenye nyuzijoto 37 sehemu kubwa yake hujikunja vibaya. Mageuko elekezi ni njia ya kuirekebisha: unaibadilisha jeni kwa kubahatisha, unapata maelfu ya matoleo, unayachuja, na mshindi anakuwa mzazi wa duru inayofuata. Frances Arnold alipata Nobeli ya kemia mwaka 2018 kwa kuonyesha nguvu ya njia hii kwenye vimeng'enya. Miaka 10 kabla yake, Nobeli hiyo ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Roger Tsien kwa kazi ya GFP.

2. Umbo la protini linajulikana. Kwa nini nisiisanifu moja kwa moja?

Isanifu pale unapojua cha kufanya. Badiliko la S65T, yaani serini ya 65 kuwa threonini, lilitangazwa na kundi la Tsien mwaka 1995. Lilihamisha upokeaji wa mwanga hadi karibu na nanomita 490, na linagusa kromofori yenyewe, ile sehemu inayotoa mwanga, iliyojengwa na asidi amino za 65, 66 na 67.

Lakini mabadiliko mengi yenye faida yako mbali na kromofori, mahali ambapo jicho la msanifu halikuwa limetua. Mwaka 1996 kundi la Willem Stemmer lilichanganya vipande vya jeni ya GFP kwa duru tatu na kupata F99S, M153T na V163A. Bakteria wenye toleo hilo waling'aa mara 45 kuliko wale wa plazmidi ya kulinganishia. Kromofori haikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba protini iliacha kugandamana na sehemu kubwa zaidi ikajikunja sawasawa.

3. Nianze na protini ipi?

Anza na iliyo imara zaidi, hata kama siyo inayong'aa zaidi. Mabadiliko mengi huumiza. Utafiti wa mwaka 2016 uliopima matoleo zaidi ya 50,000 ya GFP ulionyesha kwamba robo tatu ya matoleo yenye badiliko moja yalipunguza mng'ao, na nusu ya yale yenye mabadiliko manne yalizimika kabisa. Protini imara ina akiba ya kulipia hasara hizo. GFP ya mwaka 2006 inayojikunja kwa nguvu, sfGFP, ni mfano mzuri wa mzazi wa aina hiyo.

Jambo la pili ni upweke. DsRed, protini nyekundu ya Discosoma wa jamii ya matumbawe, huenda nne nne zilizoshikana. Kuzitenganisha hadi kupata mRFP1 mwaka 2002 kulihitaji mabadiliko 33, maana kila ulipovunja mshikano, mng'ao ulikufa na ilibidi ufufuliwe kwa duru za mchujo. mCherry na ndugu zake walitokana na mRFP1 mwaka 2004. Kama huna sababu nzito, usianze na protini inayoshikana. mNeonGreen na mScarlet tayari ni pweke.

4. Mng'ao unapimwaje?

Kwa kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kunasa mwanga na sehemu ya mwanga ulionaswa inayorudishwa. EGFP, toleo lililoboreshwa la GFP, ina 56,000 na 0.60, hivyo mng'ao wake ni takriban 34 (baada ya kugawanya kwa 1,000). mCherry ina 72,000 na 0.22, takriban 16. mScarlet ina 100,000 na 0.70, yaani 70, na mNeonGreen ina 116,000 na 0.80, takriban 93.

Hizo ni namba za protini iliyosafishwa. Unachokiona kwenye koloni ni mng'ao huo mara kiasi cha protini, mara sehemu iliyojikunja vizuri, mara sehemu iliyokwisha komaa. Mengi ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na kusahau vizidisho hivyo vitatu.

## Kutengeneza maktaba ya matoleo

5. Niweke mabadiliko mangapi kwa kila jeni, na kwa kichocheo gani?

Lenga asidi amino 1 hadi 3 kwa jeni. Njia ya kawaida ni PCR yenye makosa. Kwa ujazo wa mikrolita 100, mchanganyiko uliozoeleka ni Tris ya milimola 10 (pH 8.3), KCl milimola 50, MgCl2 milimola 7, dATP na dGTP milimola 0.2 kila moja, dCTP na dTTP milimola 1 kila moja, MnCl2 milimola 0.5, na uniti 5 za polimerasi ya Taq, kwa mizunguko 30. Tumia Taq ya kawaida. Polimerasi zinazojisahihisha zitafuta kazi yako.

Manganizi iingie mwisho, kabla tu ya polimerasi. Ikiingia mapema hutengeneza mashapo ya kahawia na kiwango cha makosa hakitabiriki tena. Kwa viwango hivyo, takriban herufi 0.66 kwa kila 100 hubadilika, yaani karibu 5 kwenye jeni ya herufi 720. Hizo ni nyingi kidogo kwa mzazi dhaifu: shusha manganizi hadi milimola 0.1 au 0.2.

Kabla ya kuchuja chochote, soma mfuatano wa DNA wa koloni 8 hadi 10 zilizochukuliwa bila kuchagua. Dalili ya haraka kwa macho: karibu koloni zote zikiwaka, umebadilisha kidogo mno, 9 kati ya 10 zikiwa giza, umezidisha. Na usisahau kukata plazmidi ya mzazi kwa kimeng'enya DpnI, kinachokata DNA iliyotoka kwenye bakteria na kuacha ile ya PCR. Mzazi anayevuka huja na koloni zinazong'aa vizuri, zikakupotezea wiki nzima.

6. NNK ni nini, na nahitaji koloni ngapi?

PCR yenye makosa hubadilisha herufi moja ndani ya kodoni, na kutoka kodoni moja herufi moja hufikia wastani wa asidi amino 6 tu kati ya 19 nyingine. Ukishajua mahali panapofaa, ni bora upafungue pote. NNK ni kodoni ambayo herufi mbili za kwanza ni zozote na ya tatu ni G au T. Inatoa kodoni 32 zinazobeba asidi amino zote 20 na kodoni moja tu ya kikomo.

Ili kila kodoni iwe na nafasi ya asilimia 95 ya kuonekana, chuja mara tatu ya idadi ya michanganyiko: koloni 96 kwa sehemu moja, takriban 3,000 kwa mbili, takriban 98,000 kwa tatu. Kisahani cha visima 96 hakitoshi kwa sehemu moja, kwa kuwa visima visivyopungua 8 ni vya mzazi na vya bakteria wasio na jeni. Tumia visahani viwili.

Hesabu hii inadhani kwamba bakteria wamepokea DNA ya kutosha. Ukubwa wa maktaba ni idadi ya koloni zilizoota, si idadi ya molekuli ulizotia kwenye mrija. Otesha mchanganyiko uliozimuliwa mara 1,000 na 10,000 kwenye sahani tofauti, uhesabu.

7. Ni lazima nichanganye washindi wa duru?

Si lazima, lakini inalipa. Mshindi mara nyingi hubeba badiliko moja zuri na mawili mabaya yaliyojificha nyuma yake. Kukata jeni za washindi vipande vidogo na kuziunga upya kwa PCR isiyo na praima, mbinu aliyoitangaza Stemmer mwaka 1994, huwaacha wabaya nyuma. Mabadiliko mawili yakiwa karibu karibu, tuseme chini ya herufi 20, hayatatengana kwa njia hii. Yatenganishe kwa praima.

## Mchujo

8. Mchujo upi unafaa?

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, na ndipo watu wanapowekeza kidogo kuliko inavyostahili. Protini haijui ulichokitaka, inaitikia ulichokipima. Ukichuja mng'ao wa saa 24 kwenye bakteria wa nyuzijoto 30, utapata protini inayong'aa saa ya 24 kwenye bakteria wa nyuzijoto 30, na huenda isiwe na faida nyingine. Kwa hiyo andika kwanza picha unayotaka kuipiga hatimaye: seli gani, joto gani, mwanga mkali kiasi gani, kwa muda gani. Kisha jenga mchujo unaofanana na picha hiyo kadiri inavyowezekana, ndipo uguse jeni.

Sahani za agari ni mwanzo mzuri na wa bei nafuu. Sahani ya sentimita 10 hubeba koloni 1,000 hadi 2,000 zisizogusana. Taa ya LED ya nanomita 470, filta ya kijani na kamera vinatosha kwa GFP, na mtu mmoja anaweza kupitia koloni 10,000 au zaidi kwa siku. Piga kwa muda uleule wa kamera kila mara, na kila sahani iwe na koloni kadhaa za mzazi. Taa huwa kali zaidi katikati. Bila mzazi wa kulinganisha utachagua koloni za katikati.

Mashine ya kutenganisha seli kwa leza hupima seli 10,000 hivi kwa sekunde, hivyo seli milioni 10 hupita kwa chini ya nusu saa. Kasi hiyo ina gharama: seli moja moja zina kelele nyingi. Seli kubwa, au mbili zilizoshikana, huonekana kama ushindi. Weka protini ya rangi ya pili kwenye plazmidi ileile, uchague uwiano wa rangi mbili badala ya mng'ao mtupu. Chukua asilimia 1 ya juu, otesha, chuja tena, kisha tena. Chujo moja la mashine peke yake haliaminiki.

Mwisho ni visima 96, kila toleo lililofaulu likirudiwa angalau mara tatu.

9. Nitajuaje kwamba protini imeboreka, na si kwamba bakteria ametengeneza protini nyingi zaidi?

Toa plazmidi, ikate, uhamishie jeni kwenye plazmidi mpya na bakteria wapya. Washindi kadhaa watapotea hapo hapo, kwa sababu badiliko lilikuwa kwenye plazmidi au kwenye bakteria mwenyewe. Kisha safisha protini kwa mkia wa histidini.

Ili kupata idadi ya kromofori halisi kwenye protini za jamii ya GFP, changanya sampuli na NaOH ya mola 0.1. Protini hukunjuka, na kromofori iliyo wazi hunasa mwanga wa nanomita 447 kwa kiwango cha 44,000. Gawanya kwa hiyo na unajua ni protini ngapi zilizokomaa, badala ya kutegemea kipimo cha protini zote kinachojumlisha na mizigo mifu.

10. Picha inafifia baada ya sekunde chache chini ya leza. Nichuje nini?

Uvumilivu wa mwanga lazima uwe ndani ya mchujo, hautakuja wenyewe. Piga picha ya sahani, iweke chini ya mwanga mkali hadi mzazi apoteze kama nusu ya mng'ao, ipige tena, uchague uwiano wa picha mbili pamoja na mng'ao wa kwanza. Ukichagua uwiano peke yake utabeba matoleo hafifu yasiyo na cha kupoteza. Poza sahani kwa feni, la sivyo koloni zitakauka. Kundi la Tsien lilichuja kwa njia ya namna hii na kutangaza mOrange2 na TagRFP-T mwaka 2008.

11. Na kama kiashiria kinapaswa kubadilika, mfano kipimo cha kalsiamu?

Hapo picha moja haitoshi. GCaMP ni GFP iliyokatwa na kuunganishwa upya ili ncha zake ziwe karibu na kromofori, ikapewa kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu, upande mmoja, na M13, kipande ambacho kalmodulini yenye kalsiamu hukishika, upande wa pili. Unatafuta giza bila kalsiamu na mwanga ikiwepo. Kwa koloni, ipeleke protini kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria, piga picha, nyunyizia EGTA inayonyakua kalsiamu, piga tena. Mfululizo wa GECO wa mwaka 2011 ulitokana na mchujo wa aina hii.

Koloni hazikwambii kasi. GCaMP6 ya mwaka 2013 ilichaguliwa ndani ya niuroni zilizooteshwa maabara, kwa sababu huko ndiko kasi na kiwango halisi cha kalsiamu vinakopatikana.

## Mambo yanapoharibika

12. Koloni zote ni giza. Kosa liko wapi?

Pitisha mzazi asiyebadilishwa kwenye hatua zote zilezile. Naye akizimika, kosa ni la uunganishaji: mara nyingi praima imeongeza au kupunguza herufi moja, fremu ikahama. Akiwaka, umezidisha manganizi (swali la 5). Kwa plazmidi inayowashwa na arabinosi, hakikisha asilimia 0.02 hadi 0.2 ipo kwenye agari na kwamba hakuna glukosi, maana glukosi huizima.

13. Toleo langu linawaka siku ya pili tu. Je, linafaa?

Kwa picha ya tishu iliyokwisha kuhifadhiwa kwa kemikali, pengine. Kwa kufuatilia jeni inayowaka na kuzima, halifai. Kromofori huundwa na protini yenyewe lakini huhitaji oksijeni, na kila moja huacha molekuli ya peroksidi ya hidrojeni. EGFP hukomaa kwa nusu saa hivi kwenye nyuzijoto 37. DsRed ya asili huchukua zaidi ya siku.

Kinachozaa wavivu ni mchujo wenye subira. Piga picha mapema, mara koloni zinapoonekana, au zuia utengenezaji wa protini kwa klorafenikoli na ufuatilie mwanga unavyopanda kutoka kwa zilizokwisha kutengenezwa. Na usiweke sahani ndani ya mfuko uliofungwa ukategemea mng'ao: bila hewa hakuna kukomaa.

14. Inang'aa sana kwenye bakteria, hafifu kwenye seli za mamalia. Kwa nini?

Anza na joto. Bakteria waliooteshwa kwenye nyuzijoto 30 kisha wakakaa mezani waliisaidia protini kujikunja. Seli za mamalia ziko 37 muda wote. Rudia mchujo wa bakteria kwenye 37. Kisha andika jeni upya kwa kodoni zinazopendwa na mamalia. Kama protini iko kwenye lisosomu, kifuko cha seli chenye asidi, angalia asidi hiyo: EGFP hupoteza nusu ya mng'ao karibu na pH 6, ilhali mCherry hustahimili hadi chini ya 4.5.

Ikishindikana, chuja ndani ya seli za mamalia. Ingiza maktaba kwa virusi vya lenti, kwa uwiano mdogo ili kila seli ipate jeni moja. Kwa virusi 0.3 kwa seli, takriban asilimia 26 ya seli hupokea jeni, na kati ya hizo 14 kwa 100 zina zaidi ya moja. Ukishuka hadi 0.1, ni 5 kwa 100. Ni kazi ya polepole, maktaba ni ndogo, lakini mshindi wake hahitaji kutafsiriwa.

15. Protini ni pweke kwenye maabara, mbona inavuruga seli?

Kwa sababu ndani ya seli, hasa kwenye utando, hukusanyika kwa wingi na mshikano mdogo huonekana. Badiliko la A206K hupunguza mshikano wa jamii ya GFP. Jaribu kwa kuiunganisha na tubulini: nyuzi zikivunjika au kuganda, bado inashikana. Fanya hivi kila baada ya duru mbili, usingoje mwisho.

## Nje ya hadubini

16. Nataka kupiga picha ndani ya mnyama mzima. Rangi gani?

Damu na ngozi hunyonya kijani. Dirisha liko takriban nanomita 650 hadi 900. Protini zilizotokana na vipokea-mwanga vya bakteria, kama IFP1.4 (2009) na iRFP (2011), huwaka hapo kwa kutumia biliverdini, kitu kinachotokana na kuvunjwa kwa hemu, ile molekuli yenye chuma iliyo pia kwenye damu. E. coli, bakteria wa maabara, hana biliverdini, hivyo weka kimeng'enya cha kuizalisha kwenye plazmidi ileile. Hapo kuna mtego: biliverdini ikiwa tele, hata toleo linaloishika kwa ulegevu litashinda, kisha likashindwa ndani ya mnyama ambako ni haba. Punguza uzalishaji wake duru hadi duru.

Njia ya pili ni lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, kisichohitaji leza. AkaLuc ya mwaka 2018 ilichujwa pamoja na kilishi (kemikali ambayo kimeng'enya huitumia kutoa mwanga) cha kutengenezwa, AkaLumine, ili mwanga uangukie kwenye nyekundu inayopenya. Unapochuja lusiferasi, nyunyizia kilishi sawasawa juu ya sahani nzima na usubiri dakika zilezile kila mara.

17. Je, mbinu hii inafaa kwa MRI na altrasaundi?

Ndiyo, ila mchujo ni mgumu. Mwaka 2010 kimeng'enya P450 BM3 chenye chuma kiligeuzwa kuwa kipima dopamini kwa MRI. Matoleo hayakuchujwa ndani ya sumaku: dopamini inaposhika karibu na chuma, rangi inayonyonywa na hemu huhama, na uhamaji huo ulipimwa kwa visima. MRI ilikuja kuthibitisha. Ukipata kipimo mbadala cha haraka, kithibitishe kila duru dhidi ya kipimo halisi.

Kwa altrasaundi hutumika vifuko vya hewa vyenye kuta za protini, vilivyotangazwa kama viashiria mwaka 2014. Hujengwa na jeni kadhaa kwa pamoja, hivyo badilisha moja baada ya nyingine, na upige altrasaundi moja kwa moja kwenye koloni.

18. Programu za kubashiri mfuatano zimefanya mchujo uwe wa kale?

Hapana, zimebadilisha mpangilio wake. Zinasaidia kuchagua ni sehemu zipi za kufungua kwa NNK (swali la 6) na ni michanganyiko ipi ya kujaribu kwanza. Zinajifunza kutokana na vipimo vyako, na zinahitaji walioshindwa kama zinavyohitaji washindi. Soma mfuatano wa koloni za giza pia, angalau 50 kwa duru.

19. Nihifadhi nini kila duru?

Maktaba nzima, si mshindi peke yake: mirija mitatu ya bakteria katika gliseroli ya asilimia 20, kwenye nyuzijoto 80 chini ya sifuri, kila mmoja ukiwa na seli angalau mara 10 ya ukubwa wa maktaba. Plazmidi ya maktaba iliyosafishwa iwekwe kando. Hifadhi picha ghafi za sahani pamoja na muda wa kamera na saa ya kuotesha. Ukigundua kwenye duru ya nne kwamba mstari wako wote unashikana, utarudi kwenye maktaba ya duru ya pili na kuichuja kwa kipimo kingine, bila kuanza tena na PCR.